Hemedi kwa E

Ushuru wa vipuri vya cherehani ulibadilika Jumanne.
Mimi nikajua Alhamisi,
nimeshapiga hesabu ya zamani
kwenye fomu ambayo nayo, kumbe, imepitwa.
Ndiyo kazi yetu sisi mawakala huku Kurasini:
unalala na asilimia kumi, unaamka na ishirini na tano,
halafu unampigia mteja simu kwa sauti ya mleta tanzia.

Hemedi Mwinyikambi hakugomba.
"Andika hiyo ishirini na tano," alisema.
"Fundi wa Tandika atanilipia mimi,
mwenye sare za shule atamlipia fundi,
na mzazi mmoja Mbagala atatulipia sote
akidhani ni bei ya kitambaa."

Kilichomkalisha kwenye benchi langu ni kingine.
Salio alilotuma kwa muuzaji ng'ambo
lilifika nusu ya njia likageuka
kama mgeni aliyesikia mbwa.
Barua ya benki ilikuwa na aya mbili na muhuri wa bluu:
jina la mtumaji linashabihiana na jina lililomo
katika orodha ya waliowekewa vikwazo.
Tafadhali thibitisha kwamba wewe siye.

Miaka kumi na tisa nathibitisha vitu.
Kwamba mchele ni mchele,
kwamba bati limetoka lilikosema limetoka.
Cheti cha asili ya bidhaa nakijaza hata umeme ukikatika.
Cheti cha kusema mtu siye
sijakiona dirisha lolote.

Yule wa orodha ni Hamad, kwa A mbili,
wa nchi ambayo huyu hajaiona hata kwenye kalenda.
Wetu ni Hemedi wa Magomeni Mapipa,
kwa E mbili na I ya mwisho,
maana lugha yetu haipendi jina life mdomo umefungwa.
Lakini mashine ya benki haijui irabu.
Inachemsha majina mpaka yabaki mifupa,
h, m, d,
na mifupa yote hufanana.

Tukakusanya. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho,
barua ya serikali ya mtaa,
picha ya duka lake Mtaa wa Mkunguni,
yeye kasimama mlangoni.
"Nicheke au nisicheke?" aliuliza.
Sikujua orodha inapenda uso gani.

Kontena lilikwishafika. Hati ya shehena ikabaki kwa muuzaji.
Siku za bure zikaisha,
zikaanza za dola,
na sindano elfu arobaini zikalala gizani, ndani ya mafuta,
zikitumikia kifungo cha mtu wasiyefahamiana.

Wiki ya tatu benki ikauliza tena:
orodhesha majina mengine yote uliyowahi kuitwa.
Akataja Medi. Akataja Baba Mwanakombo.
Kisha akanyamaza, akatazama feni.
"Utotoni niliitwa Jalala.
Mama alizika watatu kabla yangu,
akanipa jina la taka ili mauti yasinitamani."
Kalamu yangu ikasita juu ya kisanduku.
"Andika," alisema. "Mauti yalidanganyika.
Hawa sijui."

Pesa zilipita wiki ya tano, bila neno.
Hakuna aliyesema samahani, wala aliyesema siye.
Gharama ya kuhifadhi ilishaupita ushuru,
ule mpya, uliotusumbua Alhamisi,
ambao sasa tulikuwa tunaukumbuka kwa mapenzi.
Mzazi wa Mbagala ataulipa huo pia.

Risiti ya mwisho ilitoka dirisha namba nne,
ingali na joto la mashine:
HAMEDI MWINYIKAMBI.
Hemedi alikwishanyoosha mkono aichukue, aende zake.
Mimi nikaivuta, nikairudisha chini ya kioo.
Foleni nyuma yetu ikaguna.
"E," nikamwambia karani.
"E gani?"
"E kama elfu."